Nilivyoingia Kimbungani, na Ma Akarudi Bukoba

Thorncliffe Park, Toronto
Jumapili, mwishoni mwa Oktoba

Dada yangu mpenzi Sukaina,

Salaam alaikum. Kwanza nipe hali yako, na ya Shemeji Abid na kifua chake, na ya ule mgongo wako ambao kila nikiuliza unaniambia haujambo huku nasikia unavyoguna ukiinuka kitini. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Ridha ni mzima, anakusalimu sana, na anasema tangu ulipompikia sangara siku ya posa hajawahi kula samaki mwingine akashiba. Usimwamini, anashiba vizuri tu. Baridi imeanza, majani ya kule bondeni yamegeuka rangi yote, na lifti yetu imeharibika tena, kwa hiyo miguu yangu nayo haijambo kwa mazoezi ya ngazi.

Najua unaigeuza bahasha hii ukijiuliza Naheed ameingiwa na nini hata aandike barua ya karatasi. Dada, simu zetu zina masikio mengi. Wewe ukipokea unaweka spika ili Shemeji asikie, Shemeji anamwita na jirani aje asalimie. Kwenye lile kundi la ukoo nikiandika neno moja tu, Kaka Ramzanali ameshanipigia kutoka Richmond Hill kuuliza kulikoni. Haya ninayotaka kukuambia ni yako peke yako. Ndiyo maana nimempa mwanangu Laiba bahasha hii aiweke kwenye mkoba wake, nikamwagiza akukabidhi jikoni, Ma akiwa bafuni. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikachi chetu ni cha kusema tu, hakuna aliyetufundisha kukiandika, na Kiingereza changu cha huku ukikisoma utanicheka mpaka Krismasi ya watu.

Ikiwa umeifungua, basi Ma amefika. Ameshaingia vyumba vyote, ameshakugombeza kwa ile rangi ya kijani uliyopaka sebuleni, na ameshauliza nani alikata mpera wake. Alhamdulillahi.

Miaka yote hii, Dada, umeniomba jambo moja tu: Ma arudi nyumbani. Tulipomleta huku baada ya Baba kufariki, wewe ulielewa anakuja kupumzika kidogo, naye alielewa hivyo hivyo, ndiyo maana alikuja na sanduku moja na funguo zote za makabati ya Bukoba kiunoni. Sisi huku tukamzuia. Kila ulipouliza nilikuwa na jibu: acha baridi ipite, acha vipimo vikamilike, acha daktari aseme. Wewe ulichoka kuomba, ukabaki kuuliza tu kama anakula. Halafu mwezi uliopita nikakupigia ghafla kukuambia anakuja, Laiba anamleta, atakaa miezi miwili. Uliniuliza zaidi ya mara moja nimepatwa na nini, nami nikakujibu kwa mzaha. Leo nakujibu kweli. Nilipatwa na kimbunga.

Unajua kazi yangu. Kaka Ramzanali huwaambia watu msikitini kwamba mimi ni mpiga picha, nao hudhani ni wa harusi, wananiletea kadi. Picha zangu ni za kutoka angani. Kampuni yetu iko karibu na uwanja wa ndege, upande wa Rexdale, na tunarushwa kwa ndege ndogo kupiga picha mapaa ya viwanda, barabara zinazojengwa, mashamba yaliyofurika. Ni kazi ya kuning'inia dirishani na kutafuna tangawizi ili usitapike. Naipenda. Ma hajawahi kuipenda, ila hajawahi kuniambia niiache. Alikuwa akiona ndege ndogo inapita juu ya Thorncliffe anatoka barazani na kuipungia, hata siku ambazo mimi niko nyuma yake jikoni nakaanga vitunguu.

Basi mwanzoni mwa Septemba kituo kimoja cha utafiti wa hali ya hewa kiliomba mpiga picha wa kupanda nao ndege inayoingia ndani ya vimbunga vya Atlantiki. Mwenzangu aliyechaguliwa, mke wake akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Bosi akazunguka ofisi nzima akiuliza nani yuko tayari. Watu wakainamia meza zao. Mimi nikasikia sauti inasema iko tayari, na sauti yenyewe ilikuwa yangu. Sijui nilifikiri nini. Labda nilichoka na mapaa.

Nyumbani nilimwambia Ridha, naye hakupenda. Laiba alifurahi kama yeye ndiye anayekwenda. Nikawakataza wote wawili wasimwambie Ma. Nilimwambia Ma kwamba nakwenda Florida kupiga picha za hoteli. Nilitaka kumlindia moyo wake, Dada. Neno hilo nilikuwa nimelizoea sana, kumlindia Ma moyo wake. Kwa neno hilo nilimkataza chumvi, nikamkataza ngazi, nikamkataza kwenda peke yake dukani Overlea kuchagua bamia, na kwa neno hilo hilo nikamkataza nyumba yake.

Sasa unamjua Ma na Imam Zamin wake. Hakuna aliyevuka mlango wetu wa Bukoba kwenda mbali bila kufungwa sarafu kwenye kitambaa, mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Ulipokwenda Mwanza kufanya mtihani ulifungwa fundo kubwa ukaona haya mbele ya wenzako melini, ukavaa sweta la mikono mirefu kwenye joto lile. Na unajua utaratibu wake: Ma hafungi safari asiyoijua. Lazima aitaje kwa ulimi wake, mtu anakwenda wapi, kwa nini, na anarudi lini, ndipo amkabidhi kwa Imam mdhamini wa wasafiri.

Asubuhi ya kuondoka alinikalisha kwenye kiti cha jikoni, kitambaa cha kijani tayari mkononi, akaniuliza nakwenda wapi hasa ili aitaje safari. Nikasema Florida, hotelini. Akanitazama. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayekupa nafasi ya kurudia hesabu. Nikasema hotelini, Ma, picha za mabwawa ya kuogelea. Basi akafunga, akakaza fundo, akanong'ona kwa Kikachi kwamba anamkabidhi binti yake mpaka kule anakokwenda, na mpaka ndani ya kile anachokiingia, na mpaka atoke. Mimi nilikuwa naangalia saa, teksi iko chini. Nilisikia maneno, sikuyasikiliza.

Ndege yenyewe ilikuwa kubwa kuliko nilivyozoea, ya mapangaboi manne, imejaa mitambo na watu wanaocheka sana. Baadaye nilielewa kwa nini wanacheka. Mkuu wao alikuwa mama mmoja wa makamo, mfupi, aliyenifunga mkanda mwenyewe na kuuvuta mpaka nikahema. Aliniambia nikitaka kutapika nitapike kwenye mfuko na nisiombe radhi, kila mtu pale ameshatapika. Alinieleza kazi yao: wanapita katikati ya kimbunga, wanadondosha vidude vya kupimia vyenye parachuti, vinashuka mpaka baharini vikituma habari za upepo na joto, na kwa habari hizo watu wa pwani wanajua wahame au wakae. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu, kupiga picha nikifika kwenye jicho.

Jicho ni pale katikati, Dada, pasipo na upepo. Lakini ili ufike lazima upite ukuta, na ukuta huo ni mawingu yanayozunguka kwa hasira kulizingira. Kwanza kukawa kijivu, halafu giza mchana kweupe. Mvua haikuwa inanyesha, ilikuwa inatupiga. Ndege ikashuka ghafla, halafu ikarushwa juu. Kikombe cha mtu kilipita mbele ya uso wangu bila haraka. Wale wacheshi wote walinyamaza, kila mmoja macho kwenye mtambo wake. Nikatapika, sikuomba radhi. Nikaanza kusoma dua ya Naad-e-Ali, nikakosea katikati, nikaanza upya, nikakosea tena palepale. Niliogopa, Dada. Niliogopa mpaka nikamkasirikia yule mtoto aliyeamua kuzaliwa mapema.

Halafu tukatoka, na palikuwa na jua.

Nimejaribu kumweleza kila mtu na nimeshindwa, sasa najaribu kwako. Tulikuwa ndani ya uwanja mkubwa wa duara, na kuta zake ni mawingu meupe yanayopanda ngazi kwa ngazi mpaka juu kabisa, na juu kabisa kuna bluu. Jua limepiga upande mmoja wa ukuta mpaka unaumiza macho. Chini bahari imechafuka, nyeupe, haijui iende upande gani. Na humo ndani kulikuwa na ndege, Dada! Ndege wa baharini, weupe, wamenaswa humo, wanazunguka, hawawezi kutoka. Yule mama mkuu aliniambia huwa wanasafiri hivyo ndani ya jicho siku nyingi mpaka kimbunga kifike nchi kavu, na wengine hufa kwa uchovu. Hakuna kinachowapiga humo ndani. Wamechoka tu kuruka na hawana pa kutua.

Nilipiga picha nyingi, kazi naijua. Na katikati ya kupiga, harufu ya Bukoba ikanijia. Nakuapia. Harufu ya vumbi lililolowana na buni zilizoanikwa, na bati linalofuka mvuke baada ya mvua. Nikawa niko kwenye ua wetu wa nyuma. Unakumbuka radi zilivyokuwa zikija alfajiri kutoka ziwani? Baba anakimbilia kuchomoa waya wa redio, Ma anafunika vioo vyote kwa kanga, mimi na wewe chini ya kitanda, wewe unanisukuma niwe upande wa mlango ili radi ikija ianze na mimi. Usikatae. Na kila mara, katikati ya mvua kubwa, kulikuwa na ile nafasi fupi inapokatika kabisa, jua linatoka, sisi tunataka kukimbilia nje, na Ma anatuzuia mlangoni anasema bado, huyu Mama Sakeena ameingia ndani kunywa maji tu.

Nilicheka peke yangu mle ndegeni. Maskini Mama Sakeena, jirani yetu, alivyokuwa akianza kutukana mtaa mzima tangu asubuhi, kisha kimya, watu wanafikiri amemaliza, kumbe koo limekauka. Baada ya dakika chache anatoka na sauti mpya. Ma alimpenda sana. Alikuwa akimpelekea bhajia siku za mvua, na sisi wawili tunatumwa na bakuli, tunakimbia chini ya mwamvuli mmoja wa Baba, tunakula mbili njiani na kuzipanga upya zisijulikane. Mwezi wa senene ukifika alikuwa akitupatia wa kwake waliokaangwa, mimi nakataa, wewe unakula. Ulikula, Dada, nilikuona, na ukamwambia Ma mafuta yale mdomoni ni ya bhajia.

Hapo ndipo maneno ya Ma yakanirudia. Mpaka ndani ya kile anachokiingia, na mpaka atoke. Mtu haombei hivyo kwa ajili ya hoteli. Ma alikuwa anajua. Nikashika mkono wangu wa kulia juu ya kiwiko, nikalisikia fundo chini ya shati, na nikalia, Dada, kamera shingoni, huku yule mama mkuu akifikiri nalia kwa uzuri wa mawingu, akanipigapiga begani kwa furaha. Halafu tukauingia ukuta wa upande wa pili, na Mama Sakeena akatoka na sauti mpya kwelikweli.

Niliporudi Toronto, Ma alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile cha jikoni. Swali lake la kwanza lilikuwa kama sarafu nimeitoa sadaka. Nikasema nimeitoa, nilimpa mzee mmoja pale kituo cha basi pamoja na noti juu yake. Akasema vizuri. Ndipo akaniambia nioneshe hicho kimbunga. Kumbe alimbana Laiba kwa swali moja tu, kwa nini mama yako ananunua tangawizi nyingi hivi kwa ajili ya hoteli, na Laiba, unamjua, uso wake hauwezi kusema uongo hata mdomo ukijaribu. Alimjibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, na Ma alielewa kila neno kama kawaida yake.

Aliziangalia picha zote, moja moja, kwenye ile kompyuta yangu kubwa. Kuta za mawingu alizisifu, alisema Mwenyezi Mungu hana haja ya fundi. Lakini kwenye picha ya wale ndege alikaa muda mrefu. Akauliza wanatokaje. Nikamweleza nilivyoelezwa. Akaondoka akaenda kutia wudhu, nami nikajua mazungumzo hayajaisha.

Baada ya swala ndipo aliposema, na hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema aliposikia ninapokwenda alitaka kunificha viatu. Alitaka kujifanya mgonjwa, na alijua angefanikiwa, kwa sababu kwa moyo wake mimi ningeahirisha hata harusi. Lakini alikaa na kitambaa kile mapajani akafikiri kwamba mimi ni mtu mzima, na safari ni yangu, na kazi ya mama ni kufunga na kuachia. Akafunga, akaachia. Kisha akaniuliza, Dada, na swali hili ndilo limemleta mlangoni kwako: mimi niliyekwenda mahali ambapo hata ndege wamenaswa, na yeye akaniachia, nilikuwa na haki gani ya kumzuia asiende nyumbani kwake?

Nilifungua mdomo kutaja moyo wake, nikaona haya, nikaufunga.

Alinieleza mambo ambayo hakuwahi kuyasema. Kwamba huku hakukosa kitu, na kwamba tumemtunza mpaka amechoka kutunzwa. Chakula kipo, joto lipo ukutani, msikitini anapelekwa kwa basi kila Alhamisi, wajukuu wanambusu. Lakini hakuna anayemgombeza wala anayemhitaji amgombeze. Alisema Bukoba alikuwa mtu, huku amekuwa dawa za saa mbili. Nilikumbuka nilivyokuwa nikimkuta barazani kila asubuhi, ameegemea chuma, anawatazama watoto wa ghorofa zetu wakienda shule na mabegi yao, na mimi nilidhani anafurahia.

Kesho yake nikaanza mipango. Kaka Ramzanali alipiga kelele kidogo lakini nilimwambia ni miezi miwili tu, hali ya hewa ya huko itamfaa kuliko baridi yetu, akakubali na kulipia nusu ya tiketi. Wewe pia nilikuambia miezi miwili. Tiketi ya kurudi ipo, umeiona labda kwenye mkoba wa Laiba, imeandikwa majina mawili.

Sasa vuta kiti, Dada. Laiba atarudi peke yake.

Kabla ya safari tulikwenda kwa daktari wa moyo, mimi, Ma na Laiba. Alisema mlango mmoja wa moyo wake umebana sana, na kwa umri wake hawawezi kumpasua. Alisema kupanda ndege si jambo analoliruhusu, na kwamba kama atasafiri, asafiri akijua kwamba hatapata nguvu ya kusafiri tena. Nilitaka Laiba atafsiri nusu. Ma akamshika mkono mjukuu wake akamwambia aseme yote kama yalivyosemwa, na Laiba, ambaye miaka yote hii sijamsikia akitoa sentensi nzima ya Kiswahili, akayasema yote kwa Kiswahili, polepole, machozi yanamtoka, bila kukosea. Ma akamuuliza daktari kama kukaa Toronto kutamwongezea mwaka. Daktari alikuwa mtu mkweli, akasema hawezi kuahidi hata mwezi. Ma akamshukuru, akamwombea watoto wema, tukaondoka.

Kwenye gari alinikataza nisikuambie. Alisema Sukaina akijua atamlaza kitandani, ataita watu, kila atakayekuja atakuja na uso wa msiba, na yeye harudi Bukoba kwenda kutazamwa. Nikamkubalia. Na ndiyo hivi navunja ahadi hiyo kabla hata hajafungua sanduku. Nisamehe, na Mungu anisamehe, lakini siwezi kukuachia mzigo huu ukuangukie ukiwa umesimama jikoni hujui lolote. Dawa zake Laiba atakuonesha, za asubuhi na za jioni. Ukiona miguu inavimba au anakosa pumzi akilala, mwinue kwa mito, mwite daktari wa pale mjini, anao muhtasari wote, nimemtumia. Ila usoni kwako, Dada, nakuomba, pasionekane kitu. Muulize chumvi iko wapi ingawa unajua. Mwache apike hata kama amekaa kwenye kigoda. Akitaka kwenda makaburini kumsomea Baba, mwache aende kwa miguu, hata mkitumia asubuhi nzima. Mgombeze, tafadhali. Mgombeze kwa moyo wako wote.

Kuanzia hapa naandikia uwanja wa ndege, Ma na Laiba wakiwa kwenye foleni ya mizigo. Leo, pale mlangoni kwetu, nilichukua kitambaa na sarafu mimi. Yeye akakunja mkono wa nguo, akanyoosha mkono wake wa kulia, umekuwa mwembamba, fundo lilizunguka mara mbili. Ridha na Laiba walikuwa nyuma yangu na masanduku. Nikaanza kutaja kama nilivyomsikia maisha yangu yote: namkabidhi mama yangu anayekwenda Bukoba, afike salama, na arudi. Akanigusa mkono kabla sijamaliza. Akanikumbusha kwa upole kwamba safari inatajwa ilivyo. Kisha nikaitaja ilivyo. Nikasema namkabidhi mama yangu anayekwenda nyumbani, afike. Akasema amin, akashusha mkono wa nguo, akaniuliza kama nimezima jiko.

Kaka Ramzanali bado hajui. Tutakapofika Januari na Ma hajarudi atanipigia kelele, na atakuwa na haki, na nitazipokea zote mimi. Wewe mwambie tu uliambiwa miezi miwili, kwa sababu ni kweli uliambiwa hivyo.

Na sasa jambo la mwisho, ambalo nimezunguka kurasa zote hizi kuliandika. Nitajaribu kuja wakati wa Pasaka, kazini wakinipa likizo, na Mungu akimweka nitamkuta. Lakini siku ikifika kabla ya hapo, Dada, wewe na mimi tunajua njia ilivyo: Toronto mpaka Dar, Dar mpaka Mwanza, Mwanza mpaka Bukoba. Najua watu watakuambia mbakishe, binti yake yuko njiani, ndege yake inatua kesho, inatua kesho kutwa. Usikubali. Msinisubiri. Muoshe wewe kwa mikono yako, mzike saa ile inayotakiwa, karibu na Baba, hata kama mimi niko angani. Mimi nimeshaachia.

Nisalimie Shemeji Abid, mwambie apunguze ule uvutaji wake anaodhani hatuujui. Nisalimie Sakeena, yule binti wa Mama Sakeena, na nyumba yao yote, na kila atakayeniulizia. Mbusu Laiba paji la uso, na umsemeshe Kiswahili asubuhi mpaka jioni, kwani sasa tumejua anacho. Ma mwambie tu kwamba Naheed amefika kazini salama na jiko lilikuwa limezimwa.

Mungu akupe nguvu za mwili na subira, nami nikiwa mbali akupe wewe ile thawabu ya kumhudumia Ma niliyoitaka mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Naheed